Kabwe: mji uliobaki baada ya mgodi wake kufungwa

Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, katika Jimbo la Kati nchini Zambia, ulifungwa katikati ya mwaka 1994 baada ya kufanya kazi kwa takriban miaka tisini. Katika muda huo ulitoa zaidi ya tani milioni 1.8 za zinki na tani zipatazo 800,000 za risasi, mbali na vanadi, kadimi na madini ya fedha yaliyopatikana kwa kiasi kidogo zaidi. Miji mingi iliyozaliwa na mgodi hufa pamoja nao: wafanyakazi hurudi makwao, maduka hufungwa, nyumba za kampuni hubomoka. Kabwe haikufa. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu humo watu zaidi ya 200,000, idadi ambayo mji haukuwahi kuifikia siku mgodi uliponawiri. Hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa peke yake. Kama wakazi wangeondoka, madhara yaliyoachwa na mgodi yangebaki kuwa suala la ardhi tupu. Yamekuwa balaa la leo kwa sababu watu walibaki, na walikuwa na kila sababu ya kubaki.

Kilima, mbale na reli

Mwaka 1902 mtafutaji madini Thomas Davey alifika kwenye vilima vidogo vya mawe katika nchi ya Walenje, akaona mbale, yaani mawe yenye madini, ya risasi na zinki ikiwa wazi juu ya ardhi. Mahali pale palimkumbusha mgodi maarufu wa Broken Hill huko New South Wales, Australia, naye akapapa jina hilo hilo, ambalo mji uliendelea kulibeba hadi baada ya uhuru wa Zambia wa mwaka 1964.

Mbale yenyewe ilikuwa na kiwango cha madini ambacho migodi mingi duniani ingekionea wivu, lakini ilikuwa na kasoro kubwa. Sehemu kubwa ya zinki ilikuwa imeshikamana na silika, dutu inayounda mchanga, na wachenjuaji (wataalamu wa kutenga madini na mawe) wa wakati ule hawakuwa na njia ya kuitenganisha ikawaletea faida. Kwa hiyo mgodi ulipoanza, ulikuwa na mali nyingi usiyoweza kuiuza. Reli iliyovuka mto Zambezi kwa daraja la Victoria Falls mwaka 1905 ilifika Broken Hill mwaka 1906, ikakwama hapo. Iliyoinusuru haikuwa risasi wala zinki, bali shaba ya Katanga: Robert Williams, aliyekuwa na maslahi makubwa katika shaba hiyo, alisaidia kupatikana kwa mtaji wa kuiendeleza reli hadi mpaka wa Kongo mwaka 1909.

Jambo hili huelezwa haraka haraka katika masimulizi mengi ya Kabwe, na nadhani ni kosa, kwa kuwa ndipo ulipo ufunguo wa yote yaliyofuata. Tangu mwanzo mji ulikuwa na waajiri wawili, mgodi na reli, na wa pili hakumtegemea wa kwanza. Broken Hill ikawa kituo kikuu cha uendeshaji wa reli upande wa kaskazini wa mto Zambezi, pakajengwa karakana, ofisi na makazi ya wafanyakazi wa reli. Roy Welensky, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, alihamishiwa hapo miaka ya 1930 akiwa dereva wa garimoshi, na ndipo alipojijenga kisiasa kupitia chama cha wafanyakazi wazungu wa reli. Mgomo wa wafanyakazi Waafrika wa reli ulioanza Bulawayo mwaka 1945 nao ulifika Broken Hill. Siasa za mji zilipita kwenye reli sawa na zilivyopita mgodini, na mwajiri huyu wa pili ndiye aliyeuzuia mji usitawanyike mgodi ulipokufa.

Upande wa mgodi, historia ya miaka hamsini iliyofuata ni ya tatizo moja la uchenjuaji kutatuliwa baada ya jingine. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliyeyusha risasi, iliyokuwa rahisi zaidi kutoa. Miaka ya 1920 ikaja vanadi, iliyotafutwa na viwanda vya chuma kigumu. Zinki ilisubiri umeme, na umeme ulihitaji maji, hivyo kampuni ikajenga kituo cha nguvu za maji kwenye mto Mulungushi, kusini mashariki mwa mji, kilichoanza kazi katikati ya muongo huo. Mwishoni mwa muongo mtambo wa kuitenga zinki kwa umeme ukaanza, na ile zinki iliyokaa ardhini bila soko tangu 1902 hatimaye ikawa bidhaa. Mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 uliupunguzia mgodi kasi bila kuumaliza. Mbale ya juu ilipopungua, walishuka chini kwa shafti. Mwaka 1962 likajengwa tanuri la aina mpya, lililobuniwa Uingereza, lenye uwezo wa kuyeyusha risasi na zinki kwa pamoja, na hivyo mbale iliyochanganyika, ambayo hapo awali ilikuwa usumbufu, ikawa malighafi inayofaa.

Ukizitazama hatua hizo kwa mfululizo, utaona kwamba mgodi wa Kabwe uliongezewa maisha mara kadhaa na wahandisi, na kila mara kwa sababu kulikuwa na kitu kilichozuia uzalishaji, kikahesabiwa, kikatengewa fedha, kikatatuliwa. Kisichozuia uzalishaji hakikutengewa fedha.

Kuna mfano mmoja wa mapema wa jambo hilo ambao hauhusu sumu kabisa. Mwaka 1921, mchimbaji aliyekuwa akiondoa mbale kwenye mojawapo ya vilima vile alikuta fuvu la binadamu wa kale ndani ya pango lililojaa mifupa. Lilipelekwa London, ambako lipo hadi leo licha ya Zambia kudai mara kwa mara lirudishwe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilikadiria kuwa na umri wa takriban miaka 300,000. Kilima lilipotoka kilichimbwa chote kwa ajili ya madini. Wataalamu wa malikale hawana tena mahali pa kurudi kupima tabaka za udongo, ndiyo maana kuujua umri wa fuvu lile kulichukua karibu karne nzima.

Vumbi ambalo halikuwa kwenye hesabu

Risasi inapoyeyushwa hutoa moshi wenye chembe ndogo sana za madini hayo. Sehemu yake hunaswa na vichujio iwapo vipo na vinafanya kazi. Inayobaki hupaa na kushuka pale upepo unapoipeleka. Kabwe upepo wa kawaida hutoka upande wa mashariki na kusini mashariki, na makazi ya Kasanda, yaliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, pamoja na Makululu yaliyojitokeza na kukua bila mpango, yako upande wa magharibi wa mgodi. Chowa nayo iko jirani kabisa na eneo la mgodi. Mbali na moshi kulikuwa na lundo la mabaki ya uchenjuaji lililoachwa wazi, pamoja na mfereji uliotoa maji ya mgodini kuelekea kwenye makazi na kuacha tope lenye risasi kandokando yake.

Tabia ya madini haya ndiyo inayolifanya tatizo kudumu. Risasi haiozi, wala haimomonyoki ikawa kitu kingine kisicho na madhara. Hushikamana na udongo wa juu na kukaa pale pale, tayari kutimuliwa tena kila msimu wa kiangazi. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo. Hutambaa chini, huweka vidole na vitu mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi inayoingia tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Uwanja wa nyumba ya Kasanda au Chowa uliofagiliwa vizuri asubuhi, udongo mwekundu ukiwa mtupu bila unyasi, ni ishara ya mama wa nyumba anayejiheshimu. Na ufagio ule ule ndio unaoinua chembe laini zinazoshuka juu ya vyombo vilivyoanikwa, juu ya mkeka, na juu ya mikono ya mtoto anayecheza pembeni. Hakuna harufu, hakuna ladha, na mtoto haumwi ghafla. Madhara huonekana miaka baadaye shuleni, katika kushindwa kujifunza na kutulia, jambo ambalo mwalimu na mzazi wanaweza kulieleza kwa sababu nyingine kumi kabla ya kuifikiria risasi. Viwango vikipanda sana huleta degedege, kupoteza fahamu na kifo.

Haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyejua. Sumu ya risasi ilikuwa ugonjwa wa kazi unaofahamika Ulaya tangu karne ya 19, na wafanyakazi wa matanuri walikuwa wakipimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari waliofanya kazi katika mgodi huo waliwapima watoto wa jirani, wakakuta risasi nyingi katika damu zao na kuandika juu ya tatizo hilo. Tofauti iliyopo ni hii: mfanyakazi akiugua, uzalishaji huguswa, mtoto wa mfanyakazi akiwa mzito darasani, daftari la hesabu za kampuni halibadiliki hata mstari mmoja. Wahandisi waliojua kujenga bwawa ili wapate zinki wangeweza kabisa kufunika lundo la mabaki au kuyasogeza makazi. Suluhisho lilikuwa ndani ya uwezo wao, ila halikuwa na aliyelidai mwenye nguvu ya kulidai.

Mikononi mwa serikali, na kufungwa

Aprili 1968, huko Mulungushi karibu na Kabwe, Rais Kenneth Kaunda alitangaza mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza kuweka kampuni kubwa chini ya dola, na mwaka 1969 yakafuata ya migodi, serikali ikichukua asilimia 51. Kampuni ya madini ya Anglo American, iliyokuwa na hisa katika mgodi wa Kabwe na kuupatia huduma za kitaalamu tangu 1925, iliondoka katika nafasi hiyo mwaka 1974. Mwaka 1982 kampuni za migodi za serikali ziliunganishwa kuwa ZCCM.

Ndani ya shirika hilo kubwa Kabwe ilikuwa mgeni: mgodi mmoja wa risasi na zinki katikati ya familia ya migodi ya shaba. Bei ya shaba ilikuwa imeporomoka tangu katikati ya miaka ya 1970, fedha za kigeni zikawa haba, na vipuri vilipopatikana vilienda kwanza Kitwe, Chingola na Mufulira. Mitambo ya Kabwe ilizeeka, mbale nzuri ikazidi kupungua chini ya ardhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei za zinki na risasi nazo zikashuka katika soko la dunia. Safari hii hapakuwa na teknolojia mpya iliyosubiri kuuokoa mgodi, na hata kama ingekuwapo, mwenye mgodi hakuwa na mtaji. Kufungwa kwake kulikuwa uamuzi wa kawaida wa kibiashara ambao sidhani kama kampuni yoyote, ya umma au binafsi, ingeukwepa. Kosa liko katika namna ulivyofungwa: lundo liliachwa bila kufunikwa, shughuli ya kusafisha ardhi ikaachiwa wakati ujao, na nchi ikaingia katika ubinafsishaji ambao kila mnunuzi wa mgodi alitaka mali bila deni la mazingira.

Katika ubinafsishaji huo nyumba za kampuni ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi humo. Kwa mfanyakazi aliyepoteza ajira, nyumba ilikuwa kitu pekee cha thamani alichotoka nacho baada ya miaka mingi chini ya ardhi. Ilikuwa sera ya huruma, na kwa sehemu kubwa ya nchi ilifanya kazi yake. Kasanda na Chowa ilikuwa na matokeo ambayo watunga sera hawakuyapima: ilimfunga mchimbaji wa zamani, kwa hati ya umiliki, kwenye kiwanja chenye risasi. Asingeweza kuhama bila kuuza, na kadiri habari za sumu zilivyosambaa, ndivyo ilivyokuwa vigumu kumpata mnunuzi wa bei ya haki.

Mji nao uliendelea kuwa na mvuto wake. Makao makuu ya Shirika la Reli la Zambia yalikuwa hapo. Kaskazini kidogo, Kapiri Mposhi, ndiko inakoishia reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam, na barabara kuu ya kwenda Ukanda wa Shaba inapita katikati ya Kabwe. Kiwanda cha nguo cha Mulungushi kiliajiri watu wengi kabla nacho hakijasimamisha kazi, na reli yenyewe ilikodishwa kwa mwendeshaji binafsi kati ya 2003 na 2012 bila kurudishiwa nguvu yake ya zamani. Ajira zilipungua, lakini hazikuisha kwa siku moja, na mji ulio kilomita zisizozidi 150 kutoka Lusaka hauna sababu ya kukimbiwa. Kodi ilikuwa nafuu na ardhi ilipatikana, hasa Makululu, na familia changa zikaendelea kuja.

Pengo la ajira lilijazwa kwa sehemu na lundo lenyewe, linaloitwa na wakazi Mlima Mweusi. Wanaume, wanawake na wakati mwingine watoto hupanda kuchimba mabaki yenye risasi na madini mengine, wakayapepeta na kuyauza kwa wanunuzi kwa gunia. Sheria ingewazuia; njaa haisomi sheria. Vumbi wanalorudi nalo kwenye nguo huingia nyumbani, na kwa njia hiyo nyumba iliyo mbali na mgodi inaweza kuwa na uchafu sawa na iliyo jirani nao.

Nani asafishe, na kwa fedha za nani

Benki ya Dunia ilifadhili mradi wa mazingira uliotekelezwa kati ya 2003 na 2011, ambao pamoja na mengine ulisafisha mfereji, ukapima damu za watoto na kusafisha baadhi ya viwanja. Mwaka 2007, ukiwa umefika katikati, shirika moja la kimataifa liliiweka Kabwe katika orodha ya maeneo kumi yaliyochafuliwa zaidi duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, miaka minne baada ya mradi kumalizika, ulikuta kwamba karibu watoto wote wadogo waliopimwa Chowa, Kasanda na Makululu walikuwa na zaidi ya mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, kiwango kilichotumika wakati huo kama cha kuchukulia hatua, na wachache walivuka 100, hali inayoweza kuua. Mradi wa pili ulioidhinishwa mwishoni mwa 2016, wenye mkopo wa takriban dola milioni 65 kwa migodi kadhaa ya nchi, ukaleta upimaji zaidi na dawa za kuitoa risasi mwilini.

Kasoro ya miradi hii si uchache wa fedha peke yake. Mtoto anayepewa dawa na kurudi kwenye uwanja ule ule hupungukiwa risasi kwa muda, kisha hupanda tena. Kiwanja kinachowekewa udongo safi wakati lundo liko wazi upande upepo unakotoka huanza kuchafuka upya siku kazi inapokamilika. Mradi wenye ukomo wa miaka mitano au sita hupenda kuhesabu watoto waliotibiwa na nyumba zilizosafishwa, kwa kuwa hivyo vinahesabika katika ripoti. Chanzo hubaki kwa sababu ni kikubwa, ni ghali, na kina wamiliki wenye leseni.

Mahakamani, swali lilikuwa tofauti. Oktoba 2020 wanasheria waliwasilisha katika Mahakama Kuu ya Johannesburg ombi la kufungua kesi ya pamoja dhidi ya Anglo American South Africa, kwa niaba ya watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa wanaokadiriwa kufikia 100,000. Hoja yao ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya uchafuzi ilitokea kati ya 1925 na 1974, na kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na utaalamu na sauti katika uendeshaji. Kampuni ilijibu kwamba haikuwa mmiliki wala mwendeshaji wa mgodi, na kwamba ZCCM na kampuni za serikali zilizoitangulia ziliumiliki kwa miaka ishirini iliyofuata na ndizo zilizopaswa kuusafisha. Desemba 2023 mahakama ilikataa kuiidhinisha kesi hiyo, ikieleza wasiwasi wa kuifanya biashara iwajibike nusu karne baadaye, kwa vizazi ambavyo havikuwa vimezaliwa, kwa vigezo vya maarifa ya wakati mwingine. Mwaka 2024 wadai walipewa ruhusa ya kukata rufaa.

Wasiwasi wa mahakama si wa kupuuzwa, lakini hautoshei vizuri kwenye jambo lililopo. Risasi iliyotua Kasanda mwaka 1955 haikuwa tukio lililopita. Ipo pale pale, na kuzaliwa kwa mtoto mwaka 2015 juu ya udongo huo hakukuwa ajali isiyotarajiwa bali matokeo ya kawaida ya mji kuendelea kuwa na watu. Upande wa pili, hoja ya kuiwajibisha kampuni peke yake haiwezi kuifuta miaka ishirini ya ZCCM na kampuni za serikali zilizoitangulia, ambayo serikali iliendesha matanuri yale yale ikiwa na taarifa zaidi kuliko waliotangulia, wala miaka thelathini iliyofuata ya lundo kuachwa wazi. Hata wadai wakishinda rufaa, fidia italipwa kwa watu, na ardhi bado itakuwa jukumu la dola.

Mabaki yale bado yana zinki na risasi za kutosha kumvutia mwekezaji, na serikali imekwisha kutoa leseni za kuyachenjua upya. Kwa mtazamo wangu hiyo si habari mbaya kwa yenyewe, kwani ndiyo njia pekee ambayo lundo linaweza kujilipia gharama ya kuondolewa. Masharti ya leseni ndiyo yenye uzito: mabaki mapya yahifadhiwe kwenye shimo lililofunikwa na lenye sakafu isiyopitisha maji, magari yanayobeba mzigo yafunikwe, wachimbaji wadogo waajiriwe badala ya kufukuzwa, na sehemu ya mapato itengwe tangu siku ya kwanza kwa ajili ya viwanja vilivyo upande upepo unakoelekea, kazi hiyo ianze na nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitano mara tu lundo litakapodhibitiwa.